Kabla Hamjaupa Uwanja Jina la Baba, Upimeni

Kwenu wakubwa wa elimu, michezo na ardhi mliopanda huku mlimani kumzika baba yangu.

YAH: UWANJA MLIOAHIDI KUUPA JINA LAKE

Waheshimiwa,

Shikamooni. Mama amesema nianze kwa shukrani, na kwa kuwa ameketi hapa pembeni na anataka nimsomee kila ninachoandika, nitaanza hivyo. Asanteni kwa kuja. Asanteni kwa rambirambi, kwa turubai na viti. Asante ya pekee kwa yule mmoja wenu aliyemshika mama mkono kutoka kanisani hadi kaburini, mwendo wa kobe, bila kuangalia kama kuna kamera. Aika mbe, anasema mama.

Sasa niseme lililonikalisha chini.

Siku ile magari yenu yaliegeshwa uwanjani, kwa sababu huku kwetu hakuna pengine penye tambarare. Niliyahesabu, yalikuwa kumi na manne. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na matairi yakachimba mifereji kwenye nyasi. Baada ya mahubiri mmoja wenu akashika kipaza sauti, akasema kuanzia leo uwanja huu utaitwa kwa jina la Mwalimu, na kila mwaka litafanyika bonanza la kumuenzi. Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga. Usiku, wageni wamekwisha kushuka na kaka anawatupia ng'ombe majani, ndipo swali likanijia: uwanja upi?

Wiki iliyofuata nilichukua kamba ya baba. Ni kamba ya katani yenye fundo kila mita moja, imening'inia nyuma ya mlango wa stoo tangu nikiwa mtoto. Nikaenda na mpwa wangu tukapima. Mwaka 1971 baba aliandika kwenye daftari lake kwamba uwanja una urefu wa mita 104 na upana wa mita 66. Sisi tulipata urefu wa mita 71. Upana, upande wa juu ni mita 58. Upande wa chini kamba ilikutana na ukuta wa choo cha mtu kabla hatujafika 50.

Mita 71, waheshimiwa. Mtoto wa shule ya msingi hawezi kukimbia mbio za mita 100 kwenye mita 71, labda amalizie ndani ya duka la Mangi na kutokea uani. Nimeambiwa hivyo ndivyo wanavyofanya kweli: wanaanzia langoni kwa shule, wanakatiza uwanja, na mstari wa mwisho ni ngazi za duka. Mwenye duka hana ubaya, huwa anawapa maji.

Naomba mniruhusu nimweleze baba kidogo, kwa sababu wasifu uliosomwa siku ile ulikuwa wa kurasa mbili na nusu yake ilikuwa vyeo vya watu waliotuma salamu.

Alizaliwa 1940. Akasomea ualimu Marangu, akaanza kazi 1962, nchi ikiwa na Uhuru wa miezi tu na Mwenge ukiwa umeshapandishwa kileleni juu yetu. Alistaafu mwaka 2000. Miaka 38 ya chaki, na karibu yote katika shule hiyo hiyo moja, ukitoa miaka miwili aliyohamishiwa mbali ghafla kwa sababu alidai stakabadhi za fedha za michezo. Ofisi iliyomhamisha sitaitaja, na waliokuwa ndani yake wengi wametangulia. Miaka ile miwili mama alilea watoto sita na mashina ya kahawa peke yake. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi baba alishuka stendi ya Moshi saa nne usiku na kupanda mlima kwa miguu, na Jumapili mchana alikuwa barabarani tena. Mama huwa anasema alijua yupo njiani kwa mbwa wa jirani, maana walikuwa hawambwekei.

Uwanja wenyewe haukuwapo alipofika. Palikuwa na mteremko wa shamba la ulezi, mali ya koo mbili. Baada ya Azimio la Arusha na ile sera ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967, kila shule ilitakiwa iwe na shamba lake. Ya kwetu ikalima, lakini baba akawaendea wazee wa koo zile mbili kuomba kipande kingine cha kuchezea. Kwa Mchaga wa wakati ule, kuombwa ardhi ya kuchezea ilikuwa kama kuombwa mtoto wa kuchezea. Sijui aliwaambia nini kwenye hizo kata za mbege, ninachojua ni kwamba walikubali. Wakati wa kiangazi, miaka miwili mfululizo, wazazi na wanafunzi walitoka msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji: wakachimba upande wa juu, wakabeba udongo kwa karai na kwa magunia, wakajaza upande wa chini na kuuzuia kwa mawe ya mtoni. Ulipokaa sawa, wazee wakapanda masale kwenye pembe nne.

Kama yupo kati yenu ambaye si wa huku, sale ni ule mmea wenye majani marefu ya kijani mnaouona kwenye mipaka ya vihamba, yale mashamba yetu ya nyumbani. Kwetu haung'olewi. Mtu anaweza kuiba ndizi zako na mkaja kusalimiana. Akigusa sale la mpakani, amegusa waliolala chini.

Leo pembe mbili hazina sale.

Nisingependa msome hapo mkadhani nawashtaki majambazi. Waliosogeza uzio ni jamaa zetu. Mmoja ni mtoto wa baba yangu mdogo, tunakula naye Krismasi. Vihamba vimegawanywa na kugawanywa tena mpaka mtu anarithi nafasi ya kitanda na migomba kumi, ana wana watatu, na mbele yake kuna nyasi tupu zisizo na hati wala uzio ambazo kila mtu anasema ni za serikali. Fremu za maduka za kwanza tatu barabarani zilijengwa kwa nia njema kabisa, kodi yake ilipe mlinzi. Sasa zipo nane. Ardhi ya shule isiyo na bikoni, alama za mpaka za mpima, inaliwa kama mkate ulioachwa mezani, kila apitaye anamega kidogo na hakuna anayejiona mwizi.

Baba aliliona hilo mapema. Baada ya kustaafu alikwenda kwenye ofisi moja mara tisa, akiomba uwanja upimwe na shule ipewe hati. Barua zake ninazo, nakala zote zina muhuri wa IMEPOKELEWA. Ya kwanza ni ya 2009, ya mwisho ya 2019. Alijibiwa mara moja tu, aya mbili, kwamba suala lake linafanyiwa kazi. Majibu hayo aliyasahihisha kwa kalamu nyekundu. Kulikuwa na "hivyo basi" mbili katika sentensi moja na neno "halmashauri" lilikosa herufi. Akaandika pembeni: 6/10, jitahidi.

Mnaweza kujiuliza mita 33 zilizopotea zina uzito gani. Nitawajibu kwa somo alilotufundisha darasa la sita, mimi nikiwemo, kwa sababu kwa bahati mbaya nilifundishwa na baba yangu mwenyewe na sikuwahi kuitwa kwa jina darasani, nilikuwa "wewe wa dirishani".

Alitutoa nje na kamba ile ile. Akapigilia vigingi viwili, kimoja kikiwa mita 50 kutoka kingine. Akasema tunataka njia ya kukimbilia ya mita 200, pande mbili zimenyooka, mita 50 kila upande, na ncha mbili za mviringo, mita 50 kila ncha. Sasa nusu duara lenye urefu wa mita 50 lina nusukipenyo gani? Tukatoa 22 juu ya 7, tukagombana, tukapata mita 15 na sentimita 91. Akafunga kamba kwenye kigingi kwa urefu huo, mtoto mmoja akaishika ncha na kuzunguka huku mwingine anamwaga majivu nyuma yake. Kisha akachora njia nyingine tano kwa nje, kila moja upana wa mita moja, na kuwasimamisha wakimbiaji sita. Yule wa nje kabisa akamweka mbele sana.

Tukapiga kelele. Mwalimu, umempendelea!

Akatugeukia. "Nani anaweza kunithibitishia kwamba nimempendelea?"

Ilituchukua vipindi viwili kugundua kwamba kila ukitoka njia moja kwenda ya nje yake, mzunguko unaongezeka kwa mita 6 na sentimita 29, duara liwe dogo au kubwa. Aliyewekwa mbele alikuwa anarudishiwa chake tu. Nimesahau mengi ya shule, hilo sijalisahau. Nikiona mtoto wa maskini amepewa nafasi na watu wananung'unika kwamba kapendelewa, huwa nayakumbuka yale majivu.

Sasa pigeni hesabu wenyewe. Njia ile, na nyingine tano nje yake, inahitaji uwanja wenye urefu usiopungua mita 92. Tulipokuwa na 104 ilikaa, na nafasi ya wazazi kusimama ikabaki. Kwenye 71 haikai. Walimu wa sasa, na namwona mmoja ni kijana mwenye moyo, wanawazungusha watoto kwenye kiduara ambacho hakina upande ulionyooka. Anayezoea kukimbia kwenye kona tupu, akifika kwenye UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, ngazi ya wilaya akakutana na njia iliyonyooka, anakimbia kama mtu aliyeteremka kwenye mashua.

Vifaa alijitengenezea. Miaka ile ya mwanzoni mwa themanini, sukari kwa foleni na sabuni kwa kibali, hakuna aliyekuwa na fedha ya kununua vijiti vya mbio za kupokezana. Alikata tawi la mbuni uliozeeka, akalichonga sentimita 30, akalisugua kwa jani la msasa mpaka likang'aa. Vipo vinne, mama anavitumia kuzuia milango upepo usiifunge. Wasichana walipokatazwa kuvaa kaptula, mama alishona kaptula ndani ya sketi, na baba akawaalika wazee wa kanisa waje kuhakiki wenyewe. Walikuja. Mmoja alibaki akawa anashika saa.

Alikuwa na kasoro zake. Alikuwa mkali mno na alipiga, kama walimu wote wa wakati ule. Siwezi kuandika barua hii nikalificha hilo, lakini kuna jambo moja linalofuatana nalo ambalo wasifu haukulisema.

Kulikuwa na mvulana wa darasa la saba, mkimbiaji wa mita 800. Asubuhi moja alichelewa mazoezini, baba akamchapa viboko viwili mbele ya wenzake. Mvulana hakusema neno. Jioni bibi mmoja akapita kwetu kuomba chumvi, akataja katika mazungumzo kwamba zamu ya maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia, kwao ilikuwa saa nane usiku, na mjukuu wake ndiye aliyekesha akifungulia maji migombani kwa sababu nyumba nzima hakuna mwanamume. Baba alinyamaza. Akachukua panga, akatoka, akarudi na jani la sale.

Mimi nilikuwa na miaka sita na ndiye niliyebeba chemli. Tulishuka bondeni, tukapanda ng'ambo, tukafika kwenye nyumba ile ya udongo. Baba akasimama mlangoni akiwa na sale mkononi. Mchaga akikufuata na sale hawezi kufukuzwa, anaomba radhi na unapaswa kusikiliza. Lakini sale huletwa kwa mkubwa, kwa ndugu, kwa mkwe. Hapo alikuwa ni mwalimu, mtu wa miaka arobaini na kitu, na aliyekuwa anapelekewa ni mtoto. Bibi hakujua afanye nini, akaanza kulia. Yule mvulana alilipokea kwa mikono miwili na kulichomeka juu ya mlango, kwenye makuti.

Hakuwa bingwa wa chochote, msije mkadhani hadithi inaelekea huko. Ni dereva wa Hiace, na miaka yote hii nikipanda gari lake hapokei nauli yangu. Siku ya mazishi alikuwa mbeba jeneza wa kushoto mbele.

Kwa kweli baba hakutoa bingwa hata mmoja mnayemjua. Nalisema wazi kwa sababu kwenye kipaza sauti mmoja wenu alisema "amezalisha nyota wa taifa", na baba angenyoosha mkono kusahihisha. Alitoa manesi, mafundi magari, wauza mitumba wa soko la Memorial, mchungaji mmoja, na walimu wengi. Wawili walifika michezo ya taifa ya sekondari. Basi. Lakini aliwafuatilia mabingwa wa wenzake kama ndugu. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la 1974 kuna 3:32.2 imezungushiwa duara mara tatu. Ni muda wa Filbert Bayi mita 1,500, Christchurch, tarehe 2 Februari, rekodi ya dunia, mtoto wa kutokea huko Karatu aliyeongoza tangu mlio wa bastola hadi mwisho. Kwenye daftari la 1980 zipo fedha mbili za Moscow, Bayi na Suleiman Nyambui, na chini yake mstari mtupu ambao alikuwa anautunza kwa ajili ya medali ya tatu ya Olimpiki. Mpaka Paris 2024 mstari huo ulikuwa mtupu.

Habari ya John Stephen Akhwari ilikuwa inamtia hasira kidogo. Mnaijua: Mexico 1968, marathoni ya Olimpiki, goti limefungwa bendeji, anaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Baba alimheshimu sana. Kilichomkera ni hotuba. Kila mwenye suti, alisema, anapenda habari ya mtu aliyemaliza akichechemea, kwa sababu haimgharimu kitu. Hakuna anayeuliza alifanyia wapi mazoezi.

Septemba 2025, miezi yake ya mwisho, alikesha kumtazama Alphonce Simbu akikimbia marathoni, kwenye simu ya mpwa wangu. Ilikuwa usiku wa manane kwetu, asubuhi Tokyo. Simbu na yule Mjerumani walifika kwenye utepe pamoja, wote 2:09:48, wakatenganishwa kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Nilidhani atapiga kelele. Aliomba daftari na kalamu, akaandika muda, akaniuliza sehemu tatu za mia za sekunde kwa mwendo ule ni umbali gani. Tukapiga hesabu saa kumi alfajiri, tukapata kama sentimita 16. "Shibiri," akasema, akanyoosha kiganja chake kwenye blanketi.

Nisiache kusema habari za nyumbani, maana ndizo ninazozijua zaidi.

Mwaka 2014 mama alipata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, maneno yakapotea. Baba alikuwa na miaka 74. Ndugu walikaa kikao, wakasema aletwe msichana wa kazi, au mama ahamie kwa dada Dar es Salaam. Baba alisikiliza wote wakamaliza, kisha akasema mazoezi yanaanza Jumatatu.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitali ya KCMC alimfundisha namna ya kunyoosha mkono na kukunja goti. Baba akayaandika hatua kwa hatua, akayapanga kwa wiki kama alivyokuwa akipanga timu. Saa kumi na mbili asubuhi alimwogesha, alimpikia mtori, alimsuka nywele. Ndiyo, alimsuka nywele, mistari imepinda lakini alisuka, mzee ambaye sikuwahi kumwona jikoni utotoni mwangu. Halafu mazoezi. Mlangoni hadi kwenye mparachichi ni hatua ishirini na mbili za mtu mzima. Siku ya kwanza mama alifika hatua ya tatu akakaa chini. Baba akaketi naye hapo hapo kwenye vumbi, akasubiri.

Yale madaftari yake, kauntabuku 23, niliyashusha darini baada ya mazishi. Mchwa wamekula matatu. Kwenye kila ukurasa kuna jina la mtoto, tarehe, umbali, muda, na safu ya mwisho yenye neno moja juu: Amekula? Ndiyo au Hapana. Miaka yote hiyo hakuandika muda wa mtoto bila kuandika kama alikuwa amekula asubuhi. Nilikuwa najua safu ile. Nisichokijua ni kwamba kauntabuku ya mwisho, inayoanza 2014, ina jina la mtu mmoja kurasa zote. Mama. Mlangoni hadi mparachichi. Dakika 19. Dakika 17 na sekunde 40. Hakumaliza, mvua. Dakika 11. Amekula? Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Kidogo. Ndiyo. Miaka kumi na moja. Muda mzuri kuliko wote ni dakika 2 na sekunde 51, Pasaka ya 2018, na pembeni amechora nyota, kitu ambacho hakuwahi kumchorea mtoto yeyote wa shule, wala mimi.

Mama nimemsomea hapo. Anasema siku ile alikuwa anawahi chooni.

Narudi kwenu. Nimesikia kamati ya bonanza imeshaundwa. Nimeonyeshwa mchoro wa fulana, una picha ya baba akiwa kijana na maneno chini yake. Nimesikia pia habari za bango kubwa la chuma litakalosimikwa langoni. Kule Olmoti, Arusha, kuna uwanja wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027, na kila mwaka tangu 2003 maelfu ya watu wanakuja Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon, wanaanzia pale Chuo cha Ushirika wakiwa na viatu vya bei ya ng'ombe. Hayo yote mazuri. Siyapingi, baba mwenyewe alikuwa anashuka kila mwaka kusimama barabarani na saa yake, akiwapigia hesabu watu wasiomjua.

Ila bango likisimikwa kwenye mita 71, litakuwa limesimikwa juu ya kilichopotea. Jina la baba litakuwa ndilo muhuri wa kwamba uwanja ni huu, mdogo huu, na aliyemega amemega. Miaka kumi ijayo utakuwa mita 50 na bado utaitwa kwa jina lake. Sisi wanawe sita tumekaa tukakubaliana, na hilo si jambo dogo, kwa sababu kuhusu kahawa na mbuzi bado hatujakubaliana: jina tunaomba lisitolewe. Fedha ya fulana, tarumbeta na maji ya chupa mlipeni mpima ardhi. Ang'amue mipaka ya 1971, aweke bikoni, na shule ipate hati yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ipo tangu 1999, hatuombi muujiza.

Kwa waliojenga, msilete tingatinga. Huyo mtoto wa baba mdogo nimekwisha kuongea naye. Alikasirika, akanyamaza siku tatu, kisha akaja kusema choo atakihamisha akipewa hadi baada ya mvua za masika. Wenye fremu wanataka kujua watapewa muda gani na nani atawalipa gharama. Wanastahili kujibiwa na mtu anayetoka ofisini, mimi sina muhuri. Wazee wawili waliobeba karai miaka ile bado wapo hai, mmoja haoni vizuri lakini anaikumbuka pembe ya chini ilikuwa wapi kwa jiwe moja la mtoni ambalo halijatikisika. Msikawie, huyo mzee ana miaka tisini na mbili.

Na kama kuna nafasi ya jambo la pili, dogo: vipindi vya michezo vipo kwenye ratiba ya shule, nimeiona imebandikwa ukutani, lakini darasa la nne na la saba wanavitumia kwa majaribio ya mtihani mwaka mzima. Yule mwalimu kijana amenieleza hivyo kwa sauti ya chini na kuniomba nisimtaje. Sijamtaja.

Daftari la 1971 lenye vipimo na mchoro wa pembe nne ninalo, nimelifunga kwenye nailoni. Sitalituma ofisini, mtanisamehe, najua mafaili yanavyopotea. La mafao yake lilichukua miezi kumi na minne kuonekana. Mpima akija nitamfungulia hapa nyumbani, alipige picha kila ukurasa. Kamba nimeianika na mafundo yote yapo sawa. Watoto huwa uwanjani Jumamosi kuanzia saa moja asubuhi. Magari yaacheni barabarani, mwendo wenyewe ni dakika tano, na ile mifereji ya matairi ya siku ya mazishi tumeifukia juzi tu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa, kama alivyokuwa akimalizia barua zake zote tisa,

Kitindamimba wa Mwalimu
Moshi